Mashine ya kuchomelea: ipi ununue kwanza kwa kazi za mageti na madirisha

Anayefungua karakana ya mageti na grili ataona mashine ya kuchomelea ikimeza sehemu kubwa ya mtaji. Dukani utaulizwa una shilingi ngapi. Kabla ya hapo jiulize mawili: chuma gani kitapita mezani kwako siku nyingi, na umeme gani unaingia hapo ulipo. Mpangilio huu ndio ningempa mdogo wangu anayeanza kazi.

Ya kwanza: inveta ya rodi

Ni mashine nyepesi ya kielektroniki inayochomelea kwa rodi. Naiweka juu bila kusita. Haihitaji mtungi wa gesi, unaibeba begani hadi saiti, na upepo hauisumbui sana, kwa kuwa dawa iliyoifunika rodi ikiungua hutoa gesi inayokinga chuma kilichoyeyuka. Rodi ya E6013 ya milimita 2.5, kwa ampea 60 hadi 90, inamaliza kazi nyingi za skwea paipu na flati baa. Bawaba za geti zito na nguzo zinataka ya 3.2, ampea 90 hadi 130. Mihimili ya kubeba uzito ifanyie E7018, lakini itunze pakavu kabisa, hasa ukiwa Pwani: ikinyonya unyevu, mshono unaweza kupasuka baada ya kazi kukabidhiwa.

Usinunue kwa namba kubwa iliyochapwa ubavuni. Soma kibati, kile kibao cha vipimo kilichobandikwa kwenye mashine. Tafuta herufi X: ikiandikwa X 60% kwa ampea 160, basi kwa ampea hizo, katika kila dakika 10 unachomelea 6, nne unaiacha ipoe. Mashine isiyo na kibati cha namna hiyo mimi siigusi, hata iwe rahisi vipi.

Umeme nao. Mashine inayotoa ampea 160 inaweza kuvuta karibu ampea 30 kutoka kwenye laini ya volti 230, wakati plagi ya kawaida ya pini tatu imetengenezewa 13. Mwite fundi umeme akuvutie laini yake peke yake, yenye waya mnene, sakiti breka na ethi. Gharama hii iingize kwenye bei ya mashine tangu mwanzo. Mtaani kwako umeme ukishuka sana jioni, tafuta inveta ambayo kibati chake kinaonyesha inavumilia volti za chini.

Ya pili: MIG

Ukishapata oda za kila siku na karakana yenye kuta, hii mashine ya waya na gesi itakuongezea kasi. Waya wa milimita 0.8 unajisukuma wenyewe, hakuna magamba ya kugonga, na bati jembamba linalotobolewa na rodi hapa linashikika vizuri. Tatizo ni mtungi wa CO2 au mchanganyiko wake na agoni: lazima ujazwe tena, na upepo ukipuliza gesi ile, mshono unajaa vitundu. Ukiweza, chukua inayokubali pia waya wenye dawa ndani, usiohitaji gesi.

Ya tatu: transfoma ya koili

Zile zinazosukwa na mafundi wa mitaani zina sifa moja kubwa: zikiharibika, zinatengenezeka palepale. Ila ni nzito na zinakula umeme. Nyingi hazina hata boksi. Yenye nati za shaba zilizo wazi usiinunue. Hapo watoto hupita.

Ya nne: gesi ya oksijeni na asetilini

Ni ya mabomba ya shaba ya friji, bodi za magari na kukata chuma. Kwa mageti haikulipi.

Ya mwisho: TIG

Hii huyeyusha chuma kwa ncha ya tungsteni iliyokingwa na gesi ya agoni. Mshono wake ni mzuri kuliko yote, na wa polepole kuliko yote. Inunue ukiwa na wateja wa reli za ngazi za stenlesi. Alminiamu inataka mashine yenye AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo. Ya DC pekee, umeme wa mwelekeo mmoja, itakuangusha.

Fedha itakayobaki nunua ngao ya uso yenye kioo cha giza namba 10 au 11, glovu za ngozi na pazia la kuwakinga wapita njia. Bomba lenye zinki lisugue kwa grenda kwanza na ufanyie kazi penye hewa, kwani moshi wake huleta homa usiku.

Nenda dukani na rodi zako na kipande cha skwea paipu. Choma rodi tatu mfululizo kabla hujatoa hela, usikilize kama feni inazunguka.