Jina la kompyuta limegongana kwenye VPN: ubadili jina au uzime NetBIOS?

Hii kesi haiishi, unaunga VPN ya ofisi (njia salama ya kuingia netiweki ya ofisi kupitia intaneti), Windows inagoma, eti kuna kompyuta nyingine yenye jina kama la yako kwenye netiweki, mara nyingi mashine zimekloniwa kutoka imeji moja (nakala moja ya Windows iliyoandaliwa tayari) na hakuna aliyejisumbua kubadili majina. Majina hayo yanashughulikiwa na NetBIOS, mfumo wa zamani wa Windows wa kutambuana kompyuta kwa majina. Fungua Command Prompt uandike nbtstat -n, ukiona Conflict mbele ya jina lako basi ndo hapo.

Kubadili jina kunamaliza tatizo kabisa, ila lazima urestati, na usizidishe herufi 15 maana NetBIOS inakata zinazobaki halafu mnagongana tena! Kuzima NetBIOS kwenye adapta ya VPN ni fasta, unakata unaunga tena, lakini sava ya kizamani inayotafutwa kwa jina inaweza isionekane.

Laptopu yako binafsi, badili jina. Ya ofisi iliyo kwenye domeni (yaani inasimamiwa na sava ya ofisi), jina waachie watu wa IT, we zima NetBIOS kama una ruhusa ya admini.