Mashine ya kunolea visu vya kukereza nyumbani: ipi ununue kwanza

Kipande cha haispidi, yaani chuma kigumu cha kutengenezea visu vya kukereza, kile kilichogongwa herufi HSS, huuzwa kikiwa hakina makali ya kukatia chuma: ni mraba tu wa milimita 6, 8, 10 au 12. Makali unayatoa mwenyewe. Kwa hiyo mwenye mashine ndogo ya kukereza hana budi kuwa na kitu cha kunolea, na wengi hukosea hapo kwa sababu hutazama nguvu ya mota wakasahau jiwe na kiegemeo, yaani bamba la kuegemezea kisu mbele ya jiwe. Mota ya wati 250 inatosha kabisa kwa kisu cha milimita 8 au 10. Jiwe baya halifai hata ukilifungia mota ya wati 750.

Tumezipanga kuanzia inayofaa zaidi. Tulichoangalia ni kama mashine inaweza kutoa kisu kutoka kwenye kipande kipya, kisha kukinoa tena na tena bila kukiunguza, kwa gharama isiyomaliza bajeti ya karakana.

1. Grenda ya mezani ya milimita 150 (inchi 6) yenye jiwe jeupe

Hii ndiyo ya kununua. Kwa umeme wa hezi 50 huzunguka mara 2,850 hivi kwa dakika, na ukingo wa jiwe hupita kwa mita 22 kwa sekunde. Haispidi inaivumilia kasi hiyo.

Mawe ya kijivu yanayokuja na mashine ni ya kazi za jumla, kama kusawazisha ncha za nondo. Ni magumu: chembe zikishakuwa butu hazing'oki, uso wa jiwe unaanza kung'aa, na badala ya kukata linasugua na kupasha kisu moto. Yavue. Nunua jiwe jeupe la oksidi ya alumini lenye ugumu kati ya herufi H na K. Jiwe la namna hiyo huachia chembe zilizochoka na mpya zikajitokeza. Upande mmoja funga namba 46 ya kutoa umbo, mwingine namba 80 ya kumalizia. Pesa ikitosha jiwe moja tu, chukua 60. Lebo ikisema WA60K, WA ni jeupe, 60 ni ukubwa wa chembe, K ni ugumu.

Kabla ya kulipia jiwe, pima tundu. Mashine nyingi za milimita 150 zina shafti ya milimita 12.7. Tundu likiwa kubwa zaidi utapewa bushi (pete za kujazia tundu) za plastiki, na bushi zikicheza jiwe litayumba. Lining'inize kwa kidole na uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi: jiwe zima hulia kwa sauti safi, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Muuzaji akikukataza kuligonga, nenda duka jingine. Hakikisha pia kasi iliyoandikwa kwenye jiwe inazidi ile ya mota.

Kwenye mashine yenyewe, chomoa plagi kisha uzungushe kwa mkono. Beringi nzuri haikwaruzi, na shafti ikisukumwa juu na chini haichezi. Halafu tazama sahani mbili zinazobana jiwe. Za bei rahisi ni bati lililobonyezwa, nalo hupinda. Jiwe linayumba kushoto na kulia, kisu kinarukaruka, makali yanatoka na mawimbi. Lakini mwenye mashine ya kukereza hana sababu ya kulia hapa: ajichongee sahani za chuma zenye kipenyo cha milimita 50 au zaidi, zote mbili sawa, zikiwa zimechimbwa kidogo katikati ili zibane kwa ukingo tu. Karatasi za duara zilizobandikwa kwenye jiwe zisitolewe. Nati ya upande wa kushoto ina nyuzi za kinyume, hufunguka kwa kuzungushia kulia. Wengi huivunja kwa kutojua.

Lebo ya mota ikiwa na S2 30 min, maana yake ifanye kazi kwa nusu saa kisha ipoe. Kwa kunoa visu haina neno. S1 ni ya kuendelea bila kukoma.

Kiegemeo kinachokuja na mashine karibu zote za bei ya kati hakifai, ni kidogo na kinatetemeka. Tengeneza chako kwa bamba la milimita 6, upana wa 100 kwa 75, likiwa juu ya bolti mbili za M8 ili liweze kuinama. Kwa chuma laini, inamisha nyuzi 10 na utumie pembe hiyo hiyo kwa mbele na kwa ubavu, chini ya makali. Uso wa juu uteremke kwa nyuzi 12 hadi 14 kutoka kwenye makali ya ubavu. Shaba ya njano haitaki mteremko huo, uache bapa, la sivyo kisu kitajivuta na kuchimba ndani. Aluminiamu inataka mteremko mkali zaidi. Ncha iviringishe kwa nusu milimita. Nafasi kati ya kiegemeo na jiwe isizidi milimita 3: ikizidi, kisu kidogo kinamezwa na jiwe linaweza kupasuka.

2. Grenda ya mezani ya milimita 200

Yenye mzunguko wa 1,420 kwa dakika ni nzuri sana. Ukingo wa jiwe huenda mita 15 kwa sekunde, kisu kinabaki baridi, na kwa kuwa jiwe ni kubwa ubonyeo kwenye kisu ni mdogo. Imeshindwa kushika nafasi ya kwanza kwa bei na uzito tu. Ile ya 2,850 hufika mita 30 kwa sekunde. Inakula chuma haraka, na inataka mkono uliozoea.

3. Mashine ya mkanda wa msasa

Mkanda wa milimita 50 kwa 1,830 hutoa umbo la kisu haraka kuliko jiwe lolote la nyumbani, na uso unatoka bapa. Mafundi wengi hujiundia. Kasoro yake ni mkanda: usipokuwa na bamba gumu nyuma yake unaviringisha makali, na mikanda mizuri ya seramiki ni gharama isiyokwisha. Usiitumie kwa mbao na chuma pamoja, cheche zikiingia kwenye vumbi la mbao ni moto.

4. Mashine ya kunolea yenye gurudumu la almasi

Inunue kama kweli unanoa kabaidi, yaani visu vigumu kuliko haispidi. Almasi haifai kunolea haispidi kwa kasi kubwa, kwani kaboni yake huliwa na chuma kilichopata moto. Kwa kabaidi ya mara moja moja, jiwe la kijani kwenye grenda ya kwanza linatosha. Kabaidi usiichovye majini ikiwa moto, itapasuka, na vaa barakoa kwa sababu vumbi lake lina kobalti.

5. Jiwe la mwendo wa polepole linalozunguka majini

Ni zuri kwa patasi na visu vya jikoni. Kutoa umbo la haispidi hapo ni kazi ya kutwa.

6. Grenda ya mkono

Ifunge diski ya milimita 1 na uikatie kona ya kipande kipya ili jiwe lisichoke bure. Zaidi ya hapo iache. Haina kiegemeo cha kushika pembe.

Mitumba

Soma bamba la mota. Mashine ya Marekani ni ya volti 110 hadi 120 na hezi 60. Transfoma itarekebisha volti, hezi haiwezi, hivyo mota itapungua kasi kwa sehemu moja ya sita na kupata moto zaidi. Za Imarati na Oman ni hezi 50, zinachomekwa moja kwa moja. Za Saudia ni hezi 60, ingawa volti zinafanana na zetu.

Vidogo vya kununua siku hiyo hiyo

Kinyoosha jiwe chenye ncha ya almasi, miwani, mkebe wa maji, na kibao cha almasi namba 600 cha kupitisha kwa mkono mwishoni. Glavu usivae, jiwe huzidaka. Haispidi inastahimili joto la nyuzi 550 hivi, kwa hiyo rangi ya bluu haijaiharibu kama inavyoharibu kisu kilichochongwa kutoka tupa kuukuu. Kinachoiumiza ni kuichovya ikiwa imewiva, hapo hupata nyufa ndogo zisizoonekana. Chovya mapema, ikiwa bado inashikika.