Uzoefu wangu: kuzisaka lokesheni za muvi ya Hatari! kule Momella, Arusha

Wadau wa muvi za zamani, kama upo Arusha au unapitapita huko na hujafika Momella kuangalia zile lokesheni za Hatari!, panga uende, mimi nimerudi na furaha mpaka leo sijaacha kuhadithia watu.

Kwa wasioijua, ni muvi ya Howard Hawks iliyotoka 1962, staa John Wayne, inahusu jamaa wanaokamata wanyama pori Tanganyika wakiwa hai ili wauzwe kwenye zoo za nje. Ilishutiwa huku huku kwetu, mwishoni mwa 1960 kuingia 1961, yaani hata uhuru ulikuwa bado. Ninachoipendea ni zile sini za kuwakimbiza vifaru na twiga, hakuna kompyuta pale, waigizaji wenyewe ndo wapo juu ya magari, Wayne kakalia kile kiti cha nje kabisa mbele ya gari kashika mti mrefu wenye kitanzi cha kamba, vumbi mpaka kwenye meno, na kifaru anapiga bodi kwelikweli. Ukiangalia unashika kiti.

Sasa huduma. Nilichukua gari na dereva ambaye ndo muongozaji pia, kwa kampuni moja ya pale mjini iliyotangaza kwamba inafanya ziara ya hiyo muvi. Hapa wamenikera, maana kumbe ni ule ule mzunguko wa kawaida wa hifadhi ya Arusha wameubandika jina la muvi, dereva hata kuiona hajawahi kuiona na ofisini hakuna aliyemwambia kitu. Hela yote nimelipa kwa jina la muvi alafu picha za muvi nizilete mimi, hiyo sio sawa.

Lakini dereva mwenyewe ni mtu na nusu. Nilikuwa na skrinshoti kwenye simu, zile sini za shambani ambazo mlima Meru unaonekana nyuma, nikampa. Akaikuza picha, hakuangalia nyumba wala watu, akafuata ukingo wa mlima kwa kidole, akasema hapa tupo upande wa Momella, angalia mlima ulivyopasuka. Na kweli, Meru ukiuona kutokea mjini Arusha ni pembe tatu safi, ila ukizunguka huku mashariki unakuta ukuta wa kreta, lile shimo la volkano, umebomoka, uko wazi kama kiatu cha farasi. Basi tukawa tunasogea na gari taratibu, simu juu, nasogeza mbele kidogo, rudi nyuma kidogo, mpaka mstari wa kwenye picha na mstari wa mlima vikakaa pamoja. Jamani nilipiga kelele. Miti imeongezeka, nyumba zimebadilika, ila ule ukingo ni ule ule wa 1960.

Njia yenyewe haina shida, unatoka barabara ya Moshi pale Usa River unapandisha hadi geti la Ngongongare, ukiingia tu unakutana na Serengeti Ndogo, ule uwanda wa nyasi, pundamilia na nyati wamejaa, alafu unashuka maziwa ya Momella. Twiga kibao. Vifaru ndo usitegemee, siku hizi hapo hawapo.

Kitu kingine wengi hawakijui, Hardy Krüger, yule Mjerumani aliyeigiza humo, alipapenda Momella akanunua shamba akaishi hapo miaka mingi baada ya kushuti. Amefariki 2022 Marekani. Nyumba za enzi zake ndo sasa hivi ipo Hatari Lodge. Na kabla yake eneo hilo lilikuwa la mama mmoja mlowezi wa Kijerumani, Margarete Trappe, kwahiyo pana historia ndefu kuliko muvi yenyewe.

Sini za ndani ya nyumba msihangaike nazo, nyingi zimeshutiwa studio Hollywood. Ile ya watoto wa tembo kumsaka Dallas, yule dada mpiga picha wa kwenye muvi, mjini Arusha nilijaribu kuifuatilia, ila mji umejengwa sana, unabaki unakisia.

Nyota nne. Moja nimewakata ofisini, dereva ningempa sita zingekuwepo. Ukienda, toka mjini alfajiri kabisa maana Meru ikifika saa nne saa tano inajifunika mawingu, na bila mlima huna cha kulinganishia. Kiingilio Watanzania tunalipa kwa shilingi na ni nafuu mno kuliko dola wanazotozwa wageni, kwahiyo hela kubwa ni ya gari, mkijikusanya wanne watano mnaigawana. Skrinshoti weka kwenye simu kabla hujatoka, na kabla hujalipa kampuni yoyote waulize dereva atakayekuja kaiona muvi au la, wakisita mtumieni sini mbili tatu aziangalie usiku wake.