Pleti ya paja ilinikatikia, sasa nina msumari: uzoefu wangu

Nilivunjika paja la kulia kwenye ajali ya bodaboda, nikawekewa pleti (bamba la chuma) na skrubu. Mwanzoni sikuwa na neno. Kidonda kilikauka, nikatembelea magongo, nyumbani wakashukuru Mungu. Ila kila nikikanyaga, paja liliuma palepale lilipovunjika. Kliniki nikawa napewa dawa za maumivu na kuambiwa ni kawaida, eksirei hakuna. Asubuhi moja nainuka kitandani, kitu kikalia ndani ya paja na mguu ukapinda. Picha ikaonyesha pleti imekatika vipande viwili na mfupa haujaunga.

Kila aliyekuja kunijulia hali alisema nimewekewa chuma feki. Daktari wa mifupa wa hospitali ya pili alinieleza vingine, na maelezo yake ndiyo ningependa kila mgonjwa ayapate kabla hajatoka wodini. Kazi ya chuma ni kushikilia wakati mfupa unaunga. Usipounga, kila hatua inakikunja chuma kidogo sana, kama waya unaopindwa huku na huku, mpaka kinachoka. Hata kiwe kizuri namna gani, kitakatika. Pleti hulala ubavuni mwa mfupa, na aghalabu hukatikia kwenye tundu la skrubu karibu na mvunjiko. Msumari, yaani fimbo ndefu ya chuma, hupita ndani, katikati ya mfupa, hivyo hustahimili uzito vizuri zaidi.

Kabla ya kunipasua aliniuliza kuhusu sigara na kisukari, akapima kama kuna maambukizi ndani, maana hayo yote huzuia mfupa kuunga. Kisha akatoa pleti, akaweka msumari wa SIGN, na akachota mfupa kidogo nyongani kujazia pengo. Msumari huo ulibuniwa na Mmarekani, Dkt. Lewis Zirkle, ambaye shirika lake, SIGN, lilianza 1999. Skrubu zake hulengwa kwa fremu maalumu, hivyo hospitali isiyo na mashine ya eksirei chumba cha upasuaji inaweza kuuweka. Kwa nchi zetu hilo ni jambo kubwa mno.

Nyonga iliuma kuliko paja, na goti lilikuwa gumu. Bila mazoezi ya fiziotherapia nisingelikunja. Lakini safari hii kila kliniki napigwa picha, na daktari ananionyesha kwa kidole mfupa mpya ulipofika. Pande tatu kati ya nne za mfupa zinazoangaliwa kwenye picha zimeshaunga. Ukiwekewa pleti na miezi mitatu, minne ikapita bado unaumia ukikanyaga, dai hiyo picha.