Mapezi ya kuogelea: mafupi au marefu?

Anayeogelea kwa mazoezi achukue mapezi mafupi ya kuvaa miguuni. Bapa lake dogo, ile sehemu pana inayosukuma maji, humlazimisha kupiga miguu haraka, karibu na mwendo wa kawaida wa kuogelea, kwa hiyo mapaja na tumbo hufanya kazi kweli. Kugeuka kwenye ukuta wa bwawa nako si taabu.

Marefu ni habari nyingine. Pigo moja la polepole, linaloanzia nyongani, hukusukuma mbali. Ndiyo maana wanaozamia kwa pumzi moja huyapenda: kila pigo lililookolewa ni oksijeni iliyobaki mwilini. Ila kifundo kisichozoea huchoka, na shavu la mguu huweza kukaza ghafla kwa maumivu makali, jambo la hatari ukiwa chini.

Mzamiaji wa mtungi wa hewa hukaa katikati, mara nyingi na mapezi magumu kiasi yenye mkanda wa kisigino, yanayovaliwa juu ya buti za mpira za kuzamia. Kwa burudani ya kuelea ukitazama chini ya maji kwa barakoa na mrija wa kupumulia, mafupi yanatosha.

Binafsi naujali mguu kuliko urefu. Yakibana, vidole hufa ganzi; yakilegea, kisigino huchubuka. Yajaribu ukiwa umevaa soksi au buti utakazoingia nazo majini.