Programu ya Kuchorea Boksi la Bidhaa: Ununue ya Mtandaoni au ya Kihandisi?

Mjasiriamali anayeuza asali, sabuni, chai au viungo hufika mahali ambapo stika juu ya chupa haitoshi tena: duka kubwa linataka mzigo uje ndani ya boksi linalopangika, na msafirishaji anataka boksi lisilobonyea. Anapotafuta programu ya kuchorea boksi hilo hukutana na makundi mawili. La kwanza ni programu za mtandaoni, zinazofunguliwa kwenye kivinjari, ambazo humpa kiolezo cha boksi pamoja na picha yake ya pande tatu. La pili ni zana za kihandisi kama AutoCAD, SolidWorks na ArtiosCAD, ambazo humtaka mtu aliyejifunza kuzitumia. Nimezipanga hapa kwa jicho la mnunuzi mdogo anayeagiza maboksi kiwandani, wala si la kiwanda chenyewe, na kigezo kikuu ni kimoja: je, programu inajua kwamba karatasi ina unene?

Chukulia boksi la chupa sita za asali, kila chupa ikiwa na kipenyo cha milimita 75 na kimo cha milimita 110, zikiwa zimepangwa tatu kwa mbili. Chupa peke yake zinahitaji 225 kwa 150. Zikitenganishwa kwa vipande vya kadibodi vyenye unene wa milimita 3 na kuachiwa nafasi kidogo ya kuingia na kutoka, ndani ya boksi panahitajika 235 kwa 157, na kimo cha 112. Kadibodi ya mawimbi ya aina C, inayotumika sana kwa maboksi ya kusafirishia, ina unene wa karibu milimita 4. Katika boksi la kawaida lenye vifuniko vinne juu na vinne chini, ambalo kwenye orodha ya kimataifa ya maboksi ya FEFCO, shirikisho la watengenezaji wa kadibodi wa Ulaya, lina namba 0201, kuta hula milimita 8 za urefu na 8 za upana, na kimo hupungua kwa 16, kwa sababu vifuniko hulaliana tabaka mbili juu na tabaka mbili chini. Programu ikivichukua vipimo vyako kuwa vya nje, ndani patabaki 227, 149 na 96. Chupa hazitaingia kwa upana, na hata zingeingia, boksi halitafungika. Picha ya pande tatu kwenye skrini itapendeza vilevile, na hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa kuwa mzigo ukishakatwa gharama humwangukia aliyeidhinisha mchoro.

Kwa sababu hiyo, nafasi ya kwanza naipa programu ya mtandaoni yenye maktaba ya violezo vinavyobadilika kwa vipimo. Mfano wake ni Pacdora. Mtumiaji huchagua umbo la boksi, huandika vipimo na unene wa karatasi, na mistari ya kukata na ya kukunja hujipanga upya yenyewe. Mtu asiye mhandisi hupata mchoro wa kuanzia ndani ya muda mfupi, kisha huweka rangi na maandishi yake juu yake. Udhaifu wake nao ni wa kweli: bila intaneti huna kazi, umbo lisilokuwemo kwenye maktaba hulipati, na mara nyingi unaruhusiwa kuchora bure lakini faili ya kupeleka kiwandani hutolewa kwa aliyelipia tu. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo matatu: kwamba programu inaonyesha wazi kama vipimo ni vya ndani au vya nje, kwamba inatoa faili ya PDF au DXF (aina ya faili ya michoro ya kihandisi) yenye mistari halisi na si picha, na kwamba mistari ya kukata imetengwa na ya kukunja.

Nafasi ya pili ni njia isiyo na gharama, nayo ni bora kuliko inavyodhaniwa. Tovuti ya templatemaker.nl hutoa michoro ya maboksi mepesi kwa vipimo unavyoandika, na Inkscape, programu huria iliyoanza mwaka 2003, hukuwezesha kupamba mchoro huo. Inafaa sana boksi la karatasi nene la sabuni au la chai. Kasoro yake kubwa ni rangi: Inkscape hufanya kazi kwa rangi za skrini, na rangi nne za uchapaji haizishughulikii vizuri, hivyo kijani kilichong'aa kwenye kompyuta kinaweza kutoka kimefifia. Mwombe mchapaji nakala ya majaribio, uitazame kwa mwanga wa mchana.

Adobe Illustrator inashika nafasi ya tatu. Kwa kazi ya maandishi, nembo na rangi sina pingamizi nayo hata kidogo, na wachapaji wameizoea mno. Lakini yenyewe haikokotoi boksi. Mistari lazima uichore au uilete kutoka kwingine. Tangu 2013 matoleo yake mapya yanapatikana kwa malipo ya kujiandikisha, kwa hiyo inamfaa mwenye bidhaa nyingi ambazo lebo zake hubadilika kila mara. Canva nayo nisingeihesabu kuwa programu ya maboksi. Ni ya mapambo.

AutoCAD ni ya nne. Faili zake za DXF hupokelewa na mashine nyingi za kukatia, na usahihi wake hauna shaka, ila haijui kadibodi ni nini: kila milimita ya unene lazima mchoraji aikokotoe mwenyewe, kama tulivyofanya kwa chupa za asali. Inafaa kama tayari una fundi anayeitumia. Kuinunua kwa ajili ya boksi moja au mawili ni kupoteza fedha. SolidWorks iache kwa watu wanaobuni chupa, vizibo na kalibu za plastiki.

ArtiosCAD ya kampuni ya Esko ya Ubelgiji naiweka mwisho kwa mnunuzi huyu, ingawa kwa ujuzi wa maboksi inazipita zote. Inajua aina za kadibodi, hupunguza au kuongeza vipimo vya kila mkunjo, ina violezo vya FEFCO na vya ECMA, chama cha watengenezaji wa maboksi ya karatasi wa Ulaya, na hupanga maboksi mengi kwenye shiti moja ili karatasi isipotee. Hayo ni mahitaji ya kiwanda. Kama kiwanda unachoagiza kinayo, waombe wakuchoree muundo wa boksi, kisha wewe ushughulike na mapambo.

Jihadhari pia na msimbopau unaokuja kama pambo ndani ya violezo vya mtandaoni. Ufute, uweke wako uliosajiliwa GS1, shirika linalotoa namba za misimbopau, ambao kwa Kenya huanza na 616 na kwa Tanzania 620. Kipimo cha kawaida cha EAN-13, yaani msimbopau wa tarakimu 13, ni milimita 37.29 kwa 25.93, kisipunguzwe chini ya asilimia 80, na kisikatishwe na mkunjo.

Kabla ya kulipia mwaka mzima, lipia mwezi mmoja. Kwa walioko Kenya, kadi ya M-Pesa GlobalPay hurahisisha malipo hayo, mradi ukumbuke kuzuia usajili usijirudie wenyewe. Chapisha mchoro kwa asilimia 100, uupime kwa rula, ukate kadibodi ileile utakayoagiza na upange chupa ndani yake. Chupa zikikaa sawasawa na vifuniko vikakutana, pakua faili zote za PDF na DXF uzihifadhi kwako kabla usajili haujaisha.