Fulana za kumbukumbu Kariakoo: tumeprinti za Kanumba, maoni yangu haya hapa

Wadau mnaotafuta sehemu ya kuprinti fulana za msiba, za arobaini au za kumbukumbu bila kuzungushwa, kuna jamaa wapo Kariakoo mtaa wa Aggrey, ghorofa ya kwanza, nawapa nyota nne kati ya tano. Bango hawana, ukifika ulizia tu "fulana za misiba", machinga wa pale chini watakuonyesha ngazi. Ndani ni padogo, feni moja, mashine mbili za joto na kompyuta, na ukutani wametundika fulana moja moja ya kila kazi kubwa waliyowahi kufanya, yaani ukikaa kusubiri unajikuta unasoma misiba ya nchi nzima pale ukutani.

Oda yetu ilikuwa ya kikundi, majirani wa Sinza tunaoendaga makaburini Kinondoni tarehe 7 Aprili kwa marehemu Steven Kanumba, yule mwigizaji wa filamu za Bongo. Najua kuna mtu ataniuliza, mnaenda kwa mtu aliyefariki 2012, sio ndugu yenu, hamjawahi hata kula naye, mnataka nini? Hilo swali tunaulizwa kila mwaka na mi limekuwa likinikera, maana huwa linaulizwa kama vile watu wenye mapenzi yao ni wajinga. Pale dukani nimepata majibu mazuri kuliko niliyowahi kusikia kwenye redio, kwa hiyo mnivumilie, hii rivyu itakuwa ya fulana na ya hilo swali kwa pamoja.

Tuanze na kazi yenyewe. Tulienda na picha ya Kanumba tuliyoitoa kwenye grupu la WhatsApp, kavaa suti na miwani myeusi, sisi tunaiona kali. Fundi wa dizaini akaivuta kwenye kompyuta hadi ikajaa kioo, sura ikakatika vipande vipande, akasema dada yangu hii kwenye simu inapendeza ila kifuani itakuwa ya mtu mwingine kabisa. Halafu akauliza, watu walikuwa wanamjua kwa sura gani? Akatuelekeza kwamba ndugu wa marehemu wa kawaida wanaletaga picha ya pasipoti au ya harusi maana ndivyo walivyomjua, ila msanii unatafuta ile sura watu waliyokuwa wanaiona sebuleni kwao jioni, macho yanaonekana, mdomo kama anataka kuongea, kinyume cha hapo mtu atakaekuona kwenye mwendokasi atakupita tu. Tukapata moja anacheka, shati jeupe. Akatoa yale ya nyuma yote ila kivuli cha chini ya kidevu akakiacha, anasema ukikitoa shingo inaonekana imebandikwa. Chini akaandika 1984 – 2012 na hakuanza kuprinti mpaka watu wawili tofauti kwenye kikundi chetu walipozithibitisha tarehe. Hilo nimelipenda sana, maana fulana yenye mwaka uliokosewa ni kumkosea marehemu na wenye msiba.

Kuna kitu kingine nilikiona pale lazima nikisema. Mbele yetu alikuwepo mama mmoja ana msiba wa kwake, alikuja na picha ya marehemu akiwa ndani ya jeneza, ndo anataka iwekwe kifuani. Fundi hakumkatalia kwa ukali, alimpa kiti, akamwambia mama, hii tusiivae, tafuta anayocheka, tunasubiri. Yule mama akaanza kupekua simu taratibu, wote mle ndani tumenyamaza, akapata ya kwenye send-off ya mtu, marehemu kashika soda anacheka. Kazi ikafanyika. Mimi kwa hilo tu ningewapa nyota, maana mitandaoni tumezoea kuona mastaa wetu wakifa picha za mwili ndo zinatangulia kusambaa kabla hata ndugu hawajapigiwa simu, na watu wanaitana kwenda kuangalia. Huo sio msiba, kwangu mimi huo ni unyama.

Sasa lile swali. Fundi mkubwa pale yuko Kariakoo siku nyingi, na yeye ana kipimo chake, anasema usihesabu watu wa siku ya kuaga, angalia fulana baada ya mwaka. Kuna watu wakubwa wenye vyeo walifariki, watu wakavalishwa fulana za bure, arobaini haijafika zinadekia. Ila za Kanumba anasema mpaka leo anaona mtu anayo imepauka hadi sura haionekani na hataki kuitupa, wengine wanamletea waprintiwe upya ileile.

Ukifikiria, Kanumba alikuwa anaingia ndani kwetu. Alianza kuonekana na kikundi cha maigizo cha Kaole pale ITV, familia nzima imekaa mbele ya TV moja, na akaja kwenye filamu za CD zile za kuazima kwa mwenye duka la mtaani, mnarudisha kesho, mkiichelewesha mnadaiwa. Mama yangu alikuwa anaongea nae kabisa, "we Kanumba usimwamini huyo mwanamke", kwa sauti, na sisi watoto tunamtuliza mama aache tusikie. Tulimwona maskini, tajiri, mume mbaya, mtoto mwema, analia kweli machozi yanatoka, na mwanaume kulia hivyo kwenye TV ya Bongo wakati ule haikuwa kawaida. Kuna wasomi wawili Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika tangu 1956 kwamba mtazamaji anajenga ukaribu na mtu wa kwenye TV ambao ni wa upande mmoja, wewe unamjua yeye hakujui. Sawa, ni wa upande mmoja, lakini miaka uliyokaa nae sebuleni ni ya kweli, na akifa, ile jioni yenu inakuwa na pengo la kweli.

Halafu namna alivyoondoka. Miaka 28. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya Pasaka, watu wamelala wakijua kesho kutwa ni sikukuu, asubuhi simu zinalia Kanumba kafa nyumbani kwake Sinza, wengi tulisema ni uzushi. Ndo kwanza alikuwa ameshafanya kazi na Wanaijeria kina Ramsey Nouah, mwigizaji mkubwa wa kwao, tunajisikia Bongo Movie inaenda mbali na yeye ndo katangulia kushika njia. Kifo cha hivyo kinakata na kile mlichokuwa mnakisubiri, ndo maana mtaani mpaka leo wanasema Bongo Movie ilizikwa nae. Mfananishe na Bi Kidude, alifariki Zanzibar Aprili 2013, gwiji hasa wa taarab, tulihuzunika na kumuombea, ila alikuwa bibi aliyekula chumvi nyingi, kaimba mpaka basi, watu walimshukuru Mungu zaidi ya kuzimia. King Majuto nae, mchekeshaji wetu, 2018, Watanzania walilia, lakini alikuwa ameumwa, nchi nzima ilikuwa imeshaanza dua kabla, roho zilikuwa zimeanza kujiandaa. Ila Sharo Milionea, mchekeshaji, ajali ya gari Muheza Novemba 2012, mwaka uleule wa Kanumba, na Ngwair wa Bongo Fleva, Mei 2013 kule Afrika Kusini, hao walikuwa vijana, walikuwa katikati ya kazi, na ndo hao fundi anasema oda zilikuja usiku watu wanagonga mlango.

Kuna na wale waliobeba watu wengine. Ruge Mutahaba hakuwa mwimbaji wala mwigizaji, alikuwa wa nyuma ya pazia kwenye redio na TV ya Clouds na THT, nyumba ya kulea vipaji vya wasanii, lakini alipofariki Februari 2019 ukumbi wa Karimjee alipoagwa palijaa, kwa sababu kila mtu alikuwa na msanii wake anaempenda ambae alishikwa mkono na Ruge. Kwa hiyo watu walikuwa wanalipa deni la mtu mwingine.

Na mimi nina la kwangu nimeliona kwa macho, Leaders Club tarehe 10 Aprili 2012, siku ya kumuaga Kanumba. Ule umati nilisimama ndani yake. Pembeni yangu alikuwepo dada mmoja analia kwa kwikwi, tukampa maji, tukampepea na kanga, alipotulia akasema mdogo wake wa kiume alifariki kabla ya hapo na nyumbani walimwambia ajikaze asilie ana watoto wa kuangalia. Siku ile ndo alimlilia mdogo wake. Sidhani alikuwa peke yake. Msiba wa mtu maarufu unafungua mlango ambao misiba yetu ya nyumbani inaufunga kwa sababu ya mambo ya kupika, michango na kupokea wageni, pale Leaders hakuna aliyekuwa anakudai ujikaze. Na ndo kazi ya ile fulana, mgeni asiekuwa ndugu, asiekuwa na pa kukaa kwenye mkeka wa wafiwa, akiivaa anakuwa mfiwa, hakuna wa kumuuliza umetoka wapi.

Watu wanaosema ni mambo ya Waswahili waangalie ukuta wa wale jamaa, ipo fulana nyekundu namba 20, Diogo Jota, mchezaji wa Liverpool aliefariki kwa ajali ya gari Hispania Julai 2025 yeye na mdogo wake, siku chache tu baada ya ndoa. Mashabiki wa Liverpool wa Dar walikuja kuprinti, vijana ambao Anfield, uwanja wa Liverpool, hawatafika labda maisha yao yote. Na Waingereza wenyewe mwaka 1997 Princess Diana alipofariki walijaza maua nje ya majumba ya kifalme hadi hapakanyagiki. Binadamu ni walewale.

Ila lazima tuseme na upande wa hatari, maana mapenzi hayo yasiposimamiwa yanaua. Machi 2021, kumuaga Rais Magufuli uwanja wa Uhuru, watu 45 walifariki kwenye msongamano. Watu 45 waliotoka nyumbani kwenda kuaga. Fulana ya msiba huo nayo ipo ukutani na fundi anasema aliyeziagiza hakurudi kuchukua zilizobaki, sikumuuliza zaidi. Tukijua kwamba msiba fulani utaleta watu hivyo, na dalili ndo hizo nilizotaja hapo juu zinaonekana mapema, basi milango, maji, huduma ya kwanza na muda wa kuaga vipangwe kwa ukubwa huo.

Turudi kwenye bei na ubora. Raundi (isiyo na kola) ya pamba nzito 12,000, fom six (yenye kola) 18,000, kapelo 7,000, oda ikiwa kubwa wanapunguza. Wanayo na ya poliesta ambayo picha inaingia ndani ya kitambaa haipasuki kamwe, ila kwa joto la Dar ukivaa na kusimama makaburini utajuta, chukueni pamba. Picha ya pamba inabandikwa kwa moto, tumeshazifua mara kadhaa bado haijaanza kukatika, masharti ni ufue umeigeuza nje ndani na usipitishe pasi juu ya picha. Advansi nusu, M-Pesa wanapokea, risiti unaandikiwa.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu mbili. Waliahidi Alhamisi tukapata Jumamosi, na simu hawakupiga mpaka tulipowapigia sisi, kwenye msiba wa kweli hiyo ingekuwa balaa maana mazishi hayasubiri fulana. Pili saizi, mama zetu waliagiza XXL zikaja zinabana kwapani, ikabidi zirudishwe, walizibadilisha bila kelele na bodaboda wakalipa wao, lakini usumbufu ulikuwepo. Kola pia za baadhi zimelegea baada ya kufua, sio zote.

Kinondoni tulipendeza. Tulisafisha, tukaweka maua, tukaomba. Alikuja mtoto wa darasa la saba kutoka Sinza kwetu, Kanumba anafariki huyu hajazaliwa, na anajua maneno ya filamu zake kwa kichwa kwa sababu ya YouTube, alikuwa anayaigiza pale pembeni na mama zetu wanacheka huku wanajifuta macho. Na yeye anataka fulana mwakani, saizi ya watoto wanayo, ni 8,000.

Kama oda yenu ni ya Aprili pelekeni Februari, kuanzia Machi wanabanwa na fulana za Pasaka na za vikundi vya makanisa. Picha mpeleke ile orijino yenyewe kwa baruapepe au flashi, msitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inapungua ubora, na saizi mjipime palepale dukani wanazo za sampo.